Tanga la Watalii

Nansio, Ukerewe
2 Septemba 1996

Mwanangu Obedi,

Sisi ni wazima. Nimesoma jinsi wewe na mkeo Hellen mlivyokodi mashua na kupunga upepo visiwani juma zima. Unavisifu visiwa kwa ukimya. Vilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa mbalamwezi, dagaa hawafuati taa wala hawavuliwi, na wavuvi wote wamerudi makwao. Ndiyo maana tulichagua juma hilo kuhitimisha msiba wa baba yako, nasi tulikuarifu mapema. Unajibu kwamba tarehe ilikupitia. Mtoto wa mvuvi!

Wazee walikungoja hadi alasiri ukikalie kiti cha marehemu kama mrithi wake. Shangazi yako akasema, "Mwacheni, mzungu wetu bado anaoga jua." Watu wakacheka msibani. Tukamkalisha dada yako Paskazia, na uamuzi huo hautabadilika.

Siku hiyohiyo mama yako aliliona tanga lenu akiwa ufukoni. Akaniuliza, "Shemeji, wale ni akina nani?" Nilikutambua, lakini nikamjibu kuwa ni watalii. Amekwisha kuniamini, usije huku ukanifanya mwongo.

Ni mimi, baba yako mdogo,
Mwalimu Machibya