Mgeta Haina Saratani, Eti

Shosti, uko wapi? Nimetoka kwenye semina ya saratani ya watoto hapa mjini, bado nina hasira.

Yule mtaalamu katuonyesha ramani ya mkoa ukutani, penye wagonjwa wengi pana rangi nyekundu. Kihonda ya hapa mjini nyekundu imeiva, Mgeta kule milimani nyeupe pee. Halafu anatuambia, kifua mbele, "Milimani watoto hawapati saratani. Hewa safi, mboga za shambani." Watu wakapiga makofi. Makofi!

Na mimi nimekaa na mama mkwe, Bi Semeni. Unakumbuka Zuhura wetu alivyovimba tumbo kule Mgeta, akafariki kabla hatujapata hata lori la kumshusha mjini.

Mama akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari aliyepita kijijini alisema ni saratani ya figo. Kwenye ramani hiyo yuko wapi?"

Unajua kajibu nini? "Mama, kama hakufika hospitali, sisi hatumhesabu."

Hatumhesabu! Kasema hivyo huku anafungua maji yake ya chupa.

Nikasimama. Nikamwambia, "Basi umechora waliopata gari tu." Mwenyekiti ananiambia nikae, muda wa chai umefika. Chai, shosti!

Tumeondoka bila kuinywa. Tulipofika kituoni, Mama akaniuliza, "Kwa hiyo wanasema Zuhura hakuumwa?"

Yuko hapa pembeni ananitazama, anasubiri jibu.