Kicheko cha Mutwiri Kwenye Rekodi

Kanyakine, Jumatano jioni

Ni wivu. Sitajidanganya kwamba ni uchovu.

Leo nimesikiliza rekodi za Kibirichia, za utafiti wangu kuhusu utani kati ya mume na mke. Kathure, msaidizi wangu, alikuwa akiwahoji wakulima wa viazi. Mara nikamsikia Mutwiri, mume wangu, aliyempeleka huko kwa pikapu yetu. Kathure alimtania kwamba anabeba gunia kama anayebeba bibi harusi. Mutwiri akacheka mpaka akakohoa.

Kicheko hicho sijakisikia hapa nyumbani tangu nianze masomo haya. Nimekirudia na kukirudia, kama kwamba...

Tukila nikamwambia, "Kathure anakuchekesha sana, eh?"

Hakukasirika. Akaweka kijiko chini. "Mama Mwenda, wewe nikikutania unaniuliza huo ni utani wa aina gani. Yeye anacheka tu."

Nikatafuta neno la kumchekesha, mimi ninayeandika tasnifu nzima juu ya kuchekeshana. Sikulipata. Nikamwongezea mukimo, naye akasema asante kwa adabu, kama mgeni.