Skrini Nyekundu ya Kapseret

Kapsoya, Eldoret

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumai baridi ya huko Ainabkoi haisumbui magoti yako sana, na kwamba Baba amepona kikohozi. Mimi ni mzima.

Mjomba Gerishon amenifikishia ujumbe wako, kwamba nirudi kwa bosi wangu Muigai nimwombe msamaha ili anirudishe kazini. Kwa heshima yote, Mama, sitaenda. Naomba unisikilize kwanza.

Unajua tulitengeneza programu ya kliniki za mashambani kuitia ambulensi. Nesi anabonyeza kwenye kompyuta, na ombi linafika hapa mjini. Shida ni kwamba hata mtandao ulipokatika, skrini iliendelea kuonyesha kijani na maneno "Ombi limetumwa." Mradi kompyuta imeshika wai-fai ya kliniki, programu iliridhika, hata kama nje ya ukuta hakuna mtandao wowote. Huko kliniki ya Kapseret, nesi Habiba aliamini kijani hicho. Akangoja gari ambalo halikuwa limeitwa, huku mwanamke aliyekuja kujifungua akivuja damu. Aliposhtuka alimkimbilia jirani, Bashir, naye akashusha magunia ya vitunguu kutoka kwenye pikapu yake akawapeleka hospitali.

Nilirekebisha. Sasa programu inaiuliza seva yetu, yaani kompyuta kuu ya hapa mjini, kila mara kama inasikika. Isipojibiwa, skrini inakuwa nyekundu na kuandika: "Hakuna mtandao. Ombi halijafika. Piga simu." Muigai akasema rangi hiyo itatuaibisha kwa wateja, akaniamuru niitoe. Nilimwambia aibu ni kumdanganya nesi. Akasema basi niende nyumbani, akaitoa mwenyewe.

Nilizipigia kliniki zote simu nikawaambia ukweli. Habiba na wenzake wakakataa kuifungua programu hiyo mpaka nyekundu irudi. Imerudi, Mama. Ni mimi tu sijarudi.

Kuna jambo tulikuficha. Yule mwanamke wa Kapseret alikuwa Betty wetu, binti yako. Alinikataza nisikuambie kwa sababu ya presha yako. Ulipompakata mjukuu wako ukimwombea, hukujua jinsi tulivyokaribia kuwakosa wote wawili. Sasa unajua. Ukiniambia tena nikaombe msamaha, nitakujibu hivi hivi.

Msalimie Baba, umwambie natafuta kazi kwingine. Betty anakuja huko Jumapili na mtoto, muulize mwenyewe.

Ni mimi binti yako, nisiyejuta,
Njambi