Lenzi Niliyoipima Kama Yai

Dadangu Wangari,

Huku Bomet mvua inanyesha kila alasiri na chai imekuwa kijani mpaka macho yanauma. Ciku wangu anapiga picha za harusi Merigi Jumamosi, kazi yake ya kwanza kwa kamera ya filamu, na lenzi yake ikaingia ukungu. Tulienda Sotik kwa mzee wa studio mwenye lenzi za zamani, zile za kuvuta vitu vya mbali. Ciku akashika iliyong'aa zaidi. Mimi nikaielekeza kwenye jua vile tunavyopima mayai, nikaona ndani nyuzi kama za buibui. Nikamwambia, "Hii ni yai viza." Nikachagua iliyokwaruzika nje, lakini ndani safi kama maji.

Mzee akacheka. "Mama, ulisomea wapi hii kazi?"

"Kwa kuku wangu."

Ciku akaijaribu kutoka ng'ambo ya bonde, nikiwa kwa shamba la chai na wachumaji. Geuza kadi hii uone picha yenyewe. Hata kovu langu la shavuni linaonekana. Sasa haogopi Jumamosi.

Mungu akutunze. Waongezee mahindi kuku wangu niliokuachia, nao wamechangia hiyo harusi.

Mama Ciku