Mita Moja na Nusu

Kambi ya wakata miwa, chini ya Moshi
11 Agosti 2024

Mwanangu Eva,

Natumaini unakula vizuri na kifua hakikusumbui kwa hiyo baridi. Mimi naendelea, ila mgongo unauma, na masizi ya miwa iliyochomwa nayatema mpaka Jumapili. Mama yako na wadogo zako huko Muleba hawajambo.

Mama Doris, huyu anayetuletea ndizi za mchare kutoka soko la Mwika, amesema matokeo ya mtihani wa moko, ule wa majaribio, yamebandikwa ukutani na shule yenu ni ya mwisho wilayani. Nikamuuliza, "Na Eva je?" Akasema, "Baba Eva, niulize habari za ndizi, hizo karatasi sikuzisogelea." Basi niandikie mwenyewe, na usinifiche. Mimi niliishia darasa la tano, siwezi kukugombeza kwa jambo nisilolijua.

Ninachojua ni hiki: chuo cha upimaji ardhi unachokitaka hakichukui mtu mwenye F ya hisabati. Na mgongo huu hautanifikisha msimu mwingine. Ukishindwa Novemba, tutarudi wote Muleba tukapalilie migomba ya shangazi yako.

Leo alfajiri mlima ulijitoa wote kwenye mawingu, mweupe kileleni. Nilisimama na panga mkononi nikasahau kukata. Nikawaza, mwanangu yuko pale, anasoma.

Baba yako,
Vedastus

*

Shuleni, Mwika
17 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Habari za mgongo? Mwambie nyapara akupe ngwe fupi walau wiki moja. Mimi sina homa wala kikohozi, ila kambi yetu ya kusomea ya kidato cha nne ni baridi, tunalala wawili wawili kwenye godoro. Mama Aikaeli niliyekuwa nakaa kwake anakusalimu sana. Ananiulizia kila Jumapili kanisani, anasema tangu niingie kambini ng'ombe wake wamekosa mtu wa kuwachagulia majani.

Nilipata F, Baba. Tuko sitini na nane, hisabati wamefaulu wawili, na mimi simo. Mwalimu wa hisabati alihamishwa tukiwa kidato cha pili, hatujapata mwingine. Mwalimu Elifuraha wa baiolojia anatuambia tufundishane. Tunafundishana, lakini anayejua akikwama mstari wa tatu, darasa zima linakwama hapo hapo.

Kuna kitu kimoja nadhani nimekielewa. Nakuandikia wewe ili nijue kama nimekielewa kweli. Unaweza kupima urefu wa kitu bila kukipanda. Simamisha fimbo juani. Pima fimbo, pima na kivuli chake. Halafu pima kivuli cha kile kitu kirefu. Hicho kivuli kirefu zidisha kwa fimbo, gawanya kwa kivuli cha fimbo. Jibu ndio urefu. Jaribu, uniambie.

Huo mlima unaouona wewe, sisi hatuuoni. Tunaishi juu yake na tunaona migomba na ukungu tu.

Binti yako,
Eva

*

Kambini
25 Agosti 2024

Mwanangu Eva,

Nimepokea barua yako na ndizi za Mama Aikaeli, mwambie Mungu ambariki. Ile F nimeisikia. Umesema kweli, basi.

Nimejaribu. Nyapara wetu ana fimbo ya mita mbili ya kupimia ngwe. Saa nne asubuhi, wakati wa chai, nikaisimamisha shambani. Kivuli kilikuwa mita moja na nusu. Wenzangu wakacheka, "Vedastus anapanda fimbo, msimu ujao tutavuna fimbo." Nikaomba niondoke nayo. Jioni trekta iliponishusha kambini, saa kumi na nusu, nikaenda kanisani kupima kivuli cha mnara wa kengele. Mita ishirini na tano. Nikazidisha kwa mbili, nikagawanya kwa moja na nusu. Nilifanya hesabu hiyo mara nne chini, kwenye vumbi. Mita thelathini na tatu na kipande.

Mwanangu, hebu fikiria. Mimi, bila kuinua mguu, nimeupima mnara!

Nikamwita Fabian, fundi aliyeujenga. Akakaa chini kabisa kwa kucheka. "Thelathini na tatu? Kengele yetu ingekuwa inawaamsha malaika! Mnara ni mita kumi na nne mpaka ncha, nimeupaua kwa mikono yangu."

Basi nimeshindwa. Ama kitabu chenu kimekosea, au darasa la tano langu halitoshi. Usinicheke na wewe.

Baba yako,
Vedastus

*

Shuleni, Mwika
31 Agosti 2024

Shikamoo Baba,

Mgongo umepoa? Mimi sijambo, na leo sina hata njaa kwa furaha.

Nisamehe, niliisoma barua yako mbele ya darasa. Walicheka mpaka Mwalimu Elifuraha akaja kuuliza nani amepigwa. Halafu Tabitha, rafiki yangu, akasema, "Hebu ngoja. Hesabu ya mzee ni sawa. Kuzidisha sawa, kugawanya sawa. Mbona jibu ni la ajabu?" Kukawa kimya. Baba, darasa letu halijawahi kunyamaza kwa ajili ya hesabu. Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyetoka.

Ni jua. Fimbo uliipima saa nne na mnara saa kumi na nusu. Jua lilikuwa limeshateremka na vivuli vimerefuka. Lazima upime vyote viwili kwa wakati mmoja.

Tabitha amesema, "Baba yako amekosea vizuri." Jumamosi hii ukungu uliondoka mapema, tukatoka wote nje na vijiti, tukawa tunachomeka kijiti kwenye ncha ya kivuli cha mlingoti wa bendera kila saa. Jioni vijiti vilikuwa vimepangana toka upande mmoja wa uwanja mpaka mwingine. Tukavitazama tu. Mwalimu Elifuraha aliniambia, "Miaka kumi na moja napita hapa, sikujua kama jua linaandika."

Baba, tuendelee kuandikiana hata kambi ikiisha. Kwenye simu za watu wewe husema "sawa, sawa," halafu unakata.

Binti yako,
Eva

*

Kambini
13 Oktoba 2024

Mwanangu Eva,

Wiki sita sijaona mwandiko wako. Mama Doris anasema mnasoma mpaka mnasahau kuchana nywele, kwa hiyo sikulaumu. Mimi nakula na kulala.

Leo baada ya ibada nilipima tena. Fabian alishika fimbo, mimi nikasimama kwenye ncha ya kivuli cha mnara, akapiga kelele "Sasa!" tukatia alama wote wawili. Kivuli cha fimbo kilikuwa mita mbili kamili, sawa na fimbo yenyewe. Kwa hiyo hata kugawanya sikuhitaji. Kutoka ukutani mpaka ncha ya kivuli ni mita kumi na mbili na nusu.

Safari hii Fabian hakucheka. Akasema, "Umekaribia, lakini mnara wangu ni kumi na nne."

Nimepima mara tatu, mchoro nimeuchora nyuma ya barua hii. Mita moja na nusu imepotelea wapi?

Baba yako,
Vedastus

*

Mwika, kwa Mama Aikaeli
30 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Nimemaliza mtihani salama, kambi imevunjwa, nipo kwa Mama Aikaeli nakata majani ya ng'ombe. Nimekonda kidogo, usishtuke ukiniona.

Swali la kivuli halikuja, hata moja. Nililitafuta karatasi nzima. Lakini kila swali nililiuliza kama tulivyoliuliza lako: hapa nani amepimwa asubuhi na nani jioni? Kuna maswali mawili niliyaacha wazi. Mengine niliyajibu. Sijui kama yanatosha, na silali vizuri.

Nimeangalia tena mchoro uliouchora nyuma ya barua yako. Mita moja na nusu najua ilipo. Sikwambii. Itafute mwenyewe, iko hapo hapo kanisani.

Binti yako,
Eva

*

Kambini
26 Januari 2025

Mwanangu Eva,

Sitauliza habari ya afya leo, najua wewe pia unawaza jambo moja tu.

Matokeo yametoka, Fabian ameyafungua kwenye simu yake. Hakuna majina, Eva. Ni namba tu, na mimi namba yako nimeisahau. Nikamwambia Fabian anishikie simu, nikashuka nayo kwa kidole mstari kwa mstari, natazama hisabati peke yake. F, F, F, D. Nikasimama. F, C. Nikaendelea. Ninyi sitini na nane. Walioponyoka ni ishirini na watatu.

Ishirini na watatu, hakuna mwalimu! Nilirudia tangu mwanzo nikidhani kidole kimeruka. Watu wakakusanyika, wengine watoto wao hawako hata Moshi hii, wakawa wanahesabu na mimi kwa sauti.

Sijui kama wewe umo. Namwachia Mama Doris barua hii alfajiri. Niandikie namba yako.

Baba yako,
Vedastus

*

Mwika
29 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Ile C ya kwanza uliyoiona, baada ya F, ndiyo mimi. Tabitha ana B. Mwalimu Elifuraha amebandika matokeo ukutani pale pale palipobandikwa yale ya moko, akasimama mbele yake akihesabu wasio na F.

Fomu za chuo cha upimaji najaza kesho. Je, mita zako umezipata?

Binti yako,
Eva

*

Kambini
2 Februari 2025

Mwanangu Eva, mpima ardhi,

Mama Doris alinikuta shambani, nikaisomea barua yako kwenye ngwe. Nyapara alinitazama akaniacha. Nimempigia mama yako kwa simu ya Fabian, akapiga vigelegele mpaka wadogo zako wakaogopa. Mgongo leo sina habari nao. Msimu ukiisha nitarudi Muleba, na wewe utabaki huku usome.

Sasa sikia. Leo baada ya ibada watu walipotawanyika, niliweka mkono kwenye ukuta wa mnara pale ninapoanzia kupima siku zote. Nikatazama juu. Ncha haiko juu ya ukuta, Eva. Iko katikati. Kwa hiyo kivuli chake hakianzii ukutani. Kinaanzia ndani, chini ya kengele, mahali jua halijawahi kufika.

Nikaingia na fimbo. Nikasimama chini ya kamba ya kengele, katikati kabisa, nikapima mpaka ukutani. Mita moja na nusu.

Nikakaa kwenye sakafu humo ndani, sijui muda gani. Fabian akachungulia mlangoni, akasema, "Vedastus, kuna nini?"

Nikamwambia, "Kumi na nne."

Baba yako,
Vedastus