Skrini Iliyosema Pakavu

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Najua wa kuniitikia marahaba amelala kaburini Nkome, lakini siwezi kukuletea habari za ugomvi bila kukuamkia kwanza.

Unamkumbuka yule mchuuzi wa Buseresere aliyekuja kununua dagaa huku gari likimsubiri? Alikuuliza kama wamekauka. Asubuhi ulikuwa umewagusa na jua lilikuwa kali, mwingine yeyote angejibu ndiyo. Wewe ulimwambia, "Sijashika tena," ukateremka taratibu kwenye vichanja. Alifoka, akapiga honi, hukugeuza hata shingo. Siku hiyo niliona aibu. Leo natamba nawe.

Huku mgodini Geita natunza kompyuta. Ipo moja kubwa yenye programu inayoigawa iwe kama kompyuta nyingi ndogo, na kila ndogo hujiona iko peke yake. Zikisoma kitu, hupewa nakala iliyowekwa karibu ili mambo yaende haraka. Kwa kumbukumbu ya kawaida programu kubwa huamua yenyewe kutoa nakala, hata ile ndogo ikitaka vingine, na hakuna linaloharibika. Lakini ndogo mojawapo husoma kina cha maji ya shimoni kupitia kadi ya kipimo iliyokabidhiwa kwake moja kwa moja. Hiyo huomba isipewe nakala, isome upya kila mara, na ombi lake lazima lisikilizwe.

Bosi wangu alitaka kasi, akaamuru programu kubwa ipuuze maombi yote. Wiki iliyopita skrini ikang'ang'ania kwamba chini ni pakavu, mpaka wachimbaji wakaita kwenye redio: "Maji yako magotini, ninyi mnaangalia nini huko?" Namshukuru Mungu walitoka wote wazima.

Sasa anataka nisaini kwamba kipimo ndicho kibovu. Kitafungwa kingine, amri yake ibaki vilevile, na watu washuke. Nilimwonyesha, akaona kwa macho yake: ukiondoa amri ile, namba zinatembea. Akaniambia harufu ya dagaa bado haijanitoka, nisimfundishe kazi. Haijanitoka kweli, Mayu, na sina mpango wa kuiosha.

Amenipa mpaka kesho, saini yangu au kitambulisho changu cha kazi. Naogopa, sikufichi, nina watoto wawili na hakuna kazi nyingine inayonisubiri. Lakini jana nilisimama getini nikawaambia wachimbaji, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwamba skrini ile inawadanganya. Leo zamu nzima imekaa juu, kofia mapajani.

Bosi alinijia, akaniuliza nasaini lini. Nilimjibu mbele yao wote: "Shuka wewe kwanza, na skrini yako hiyohiyo. Ukirudi, nitasaini." Alitazama mdomo wa shimo, akarudi ofisini.

Pumzika, Mayu, wala usinihurumie.

Kifungua mimba wako