Bidoni la Mafuta ya Taa

Mjukuu wangu Kevine,

Hapa Bwiza tuko wazima, ila mama yako anasumbuliwa na mgongo. Unaniuliza pombe yako ya ndizi huko Ubelgiji uichachushe kwenye ndoo ya plastiki au chupa kubwa ya kioo. Chukua kioo.

Nikiwa msichana nilivunja mtungi wa mama tulipokuwa tunaandaa pombe ya posa ya dada yangu Yozefina. Niliogopa kusema. Nikaimimina pombe katika bidoni, dumu la plastiki lililowahi kubeba mafuta ya taa. Nilikuwa nimeliosha kwa majivu na maji ya moto, nikalinusa, nikaona limetakata.

Siku ya wageni baba alionja kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa, akameza bila kukunja uso. Mjomba wa bwana harusi akavuta mrija mara moja, akauweka chini.

“Tumeona mnavyotuheshimu,” akasema. Wakaondoka, hawakurudi tena.

Aliyelaumiwa ni mama. Mi nilinyamaza. Yozefina hakuolewa, wala hajawahi kuniuliza kitu.

Siku hizi nampelekea chakula kwake Buterere. Ananishukuru vizuri. Lakini kikombe chochote nikimpa, hata cha maji, anakinusa kwanza.

Bibi yako